Mitungi ya Bondeni na ya Milimani: Kuotesha Nepenthesi Kwenye Nchi ya Joto

Maswali yanayonifikia kuhusu nepenthesi, mmea unaonasa wadudu kwa mitungi yake, ni yale yale. Mtungi umekauka wiki ya pili tangu ununuliwe, kwa nini? Niutilie nyama? Majani yananawiri lakini mitungi haitoki, nimekosea wapi? Na linaloniuma kuliko yote: mtu yuko pwani, Temeke au Likoni, ameona picha ya mtungi mkubwa mwekundu wa mlimani, ametuma fedha, mmea umefika mzima, na baada ya miezi miwili umekwisha. Nimeandika haya uyasome kabla hujatoa fedha yako.

Mimi ninaishi Tanga mjini, karibu na bahari. Dada yangu yuko Lushoto, mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Kwa miaka kadhaa tumekuwa tukigawana mimea: pingili moja inabaki kwangu, nyingine inapanda basi la asubuhi kwenda kwake. Kwa hiyo nimeuona mmea ule ule, uliotoka shina moja, ukinona kule na kudhoofu huku, na mwingine kinyume chake. Tumejifunza jambo moja ambalo mengine yote yanalifuata: mtungi huchaguliwa kwa usiku wa mahali unapoishi. Mchana mkali unaweza kuukinga kwa kivuli na maji. Usiku wa joto huna pa kuupeleka.

Nepenthesi ni mmea unaotambaa. Ncha ya jani hurefuka ikawa kikono, na mwisho wa kikono huvimba mtungi wenye kifuniko. Mtungi huwa na maji yake ndani hata kabla haujafunguka. Mdudu hufuata utamu ukingoni, ukingo ukiwa umelowa huteleza, anatumbukia, anameng'enywa. Aina zake zinapita 150, nyingi za Borneo, Sumatra, Sulawesi na Ufilipino. Wamalei huita periuk kera, yaani chungu cha kima. Bara letu halina hata aina moja ya asili, ila majirani zetu wa baharini wanazo. Madagaska ipo, na Shelisheli kuna Nepenthes pervillei inayoota kwenye miamba ya visiwa vya Mahé na Silhouette. Hapa mmea wenyewe pia nitauita mtungi tu, tuelewane.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kipimajoto kinachohifadhi joto la chini na la juu kabisa la siku. Hiki nunua kabla ya mmea.
- Maji ya mvua, angalau dumu moja la lita 20 lenye kifuniko.
- Makumbi ya nazi. Soma hatua ya 5 kabla hujayaokota.
- Mkaa wa kawaida wa kupikia, uliopondwa vipande vya ukubwa wa punje ya karanga.
- Changarawe nyepesi za volkano (pamisi), au magome ya msindano kutoka kiwanda cha mbao. Kenya pamisi hupatikana upande wa Longonot na Naivasha. Tanzania magome ni mengi Mufindi na Lushoto kwenyewe.
- Sfagnamu kavu, ile kuvumwani ndefu inayouzwa na wapanda okidi, ukiipata. Usipoipata, utaotesha bila hiyo.
- Chungu cha plastiki chenye matundu mengi chini. Kipana kiasi cha sentimita 12 hadi 15 kinatosha mmea mdogo.
- Neti ya kivuli ya asilimia 50, kama huna mti wala baraza.
- Chupa kubwa ya maji ya kunywa, ile ya lita 5 au zaidi, iliyokatwa kitako. Itakuwa nyumba ya mmea wiki za mwanzo.
- Kipima chumvi za maji, kile kidogo kama kalamu. Si lazima, lakini kitakuepushia kubahatisha.

Mbolea ya shambani, samadi, udongo wa bustani na mchanga wa pwani hazimo kwenye orodha, na nimeziacha kwa makusudi.

Hatua kwa hatua

1. Pima usiku wako. Weka kipimajoto pale pale utakapouweka mmea, kimo kile kile, kisipigwe na jua. Soma joto la chini kila asubuhi kwa wiki nzima, na kama una subira, rudia msimu mwingine. Kwangu Tanga, usiku wa Februari haushuki chini ya nyuzi 24, na Julai hufika 19 au 20. Kwa dada, Julai nimesoma 11. Kanuni rahisi ni kwamba kila ukipanda mita 1,000, joto hupungua nyuzi 6 hivi.

Usiku wako ukiwa nyuzi 20 na zaidi karibu mwaka mzima, wewe ni mtu wa mitungi ya bondeni: Dar es Salaam, Mombasa, Zanzibar, Tanga, Mtwara, Muscat ndani ya nyumba. Ukiwa kati ya 10 na 16, mitungi ya milimani ni yako: Lushoto, Njombe, Mbeya, Limuru, Kericho, Bukavu. Walio katikati ya hapo wana bahati kuliko wanavyojua, maana machotara, yaani mimea iliyozaliwa na aina mbili tofauti, karibu yote yatawafaa.

2. Chagua mmea kwa usiku huo. Hapa ndipo fedha nyingi hupotea.

Kwa bondeni, anza na Nepenthes ampullaria, rafflesiana, gracilis au mirabilis. Ampullaria ni kipenzi changu. Mitungi yake ni mifupi, ya duara, hujipanga chini kwenye shina kama vikombe vya kahawa kwenye sinia, na huvumilia kivuli kuliko wenzake. Huko kwao msituni hupokea majani makavu yanayoanguka na kujilisha kwayo. Rafflesiana inataka mwanga zaidi na nafasi ya kupanda. Bicalcarata, yenye meno mawili chini ya kifuniko, ni nzuri mno, lakini hukua ikawa kubwa na baridi ya chini ya nyuzi 18 huichukia. Iache mpaka uwe na mwaka mmoja wa uzoefu.

Kwa milimani, ventricosa, sanguinea na maxima ni wapole kwa mwanafunzi. Nepenthes rajah, ambayo Joseph Dalton Hooker, mtaalamu wa mimea wa Kiingereza, aliiandika kwa mara ya kwanza mwaka 1859, huota Sabah, kisiwani Borneo, kwenye milima ya Kinabalu na Tambuyukon, kati ya mita 1,500 na 2,650. Mtungi wake hubeba zaidi ya lita mbili. Kila mtu anaitaka. Hata Lushoto inahitaji mkono uliokwisha kuzoea, pwani usijaribu.

Kama hujui pa kuanzia, tafuta chotara anayeitwa ventrata, mtoto wa ventricosa na alata. Huyu ninaye Tanga na dada anaye Lushoto, na kote anatoa mitungi. Wa Lushoto ana mitungi mirefu na rangi imekolea zaidi, nakiri.

3. Nunua mmea uliooteshwa. Nepenthesi zote zinalindwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Rajah na khasiana zimo kwenye orodha kali kuliko zote. Ukiagiza kutoka nje unahitaji vibali vya CITES na cheti cha afya ya mimea, na mamlaka ya afya ya mimea ya nchi yako, TPHPA kwa Tanzania au KEPHIS kwa Kenya, inapaswa kujua kabla mzigo haujaondoka huko. Waulize wao kwanza. Miche ya maabara iliyo bado ndani ya chupa zake zilizofungwa haihesabiwi na CITES kwa aina nyingi, lakini cheti cha afya bado utadaiwa.

Usinunue mmea mkubwa wa bei rahisi wenye mizizi iliyokatika na majani yenye makovu. Huo umeng'olewa porini. Nepenthes clipeata ya mlima Kelam, Kalimantan, imekaribia kwisha kwa sababu ya watu kuichimba na kuiuza.

Na mbegu za mtandaoni zenye picha za mitungi ya buluu usizitie hata senti. Mbegu halisi ni nyembamba kama uzi, hupoteza uhai ndani ya miezi michache, na mche huchukua miaka kufikia umbo la kupendeza. Mimi nililetewa mbegu za duara, ngumu, nikazitunza wiki sita, zikaota mchicha.

4. Tayarisha maji. Mtungi wangu wa kwanza niliuua kwa maji. Nilichota kisimani kwetu, maji safi ya kunywa, nikamwagilia kwa upendo kila asubuhi. Baada ya mwezi kingo za majani zikawa kahawia, kavu, kama karatasi iliyopitishwa juu ya mshumaa, halafu kahawia hiyo ikaanza kutembea kuelekea katikati ya jani. Visima vya pwani vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, vina chokaa, na vingi vina chumvi. Mizizi ya nepenthesi imezoea maji yasiyo na kitu.

Tumia maji ya mvua. Acha mvua ya dakika kumi za mwanzo isafishe vumbi la bati, ndipo ukinge. Masika yatakupa maji ya kutosha miezi mingi ukiwa na mapipa mawili, vuli itakujazia. Maji yanayodondoka kwenye kiyoyozi nayo yanafaa, mradi mfereji wake ni wa plastiki na safi. Maji ya chupa yenye madini hayafai.

Huna kipima chumvi? Tia vijiko viwili vya maji kwenye mfuniko mweusi wa sufuria, uanike juani mpaka yakauke. Yakiacha doa jeupe la unga, usiyatumie. Ukiwa na kipima, chini ya ppm 50 (sehemu kwa milioni) ni vizuri kabisa, mpaka 100 huvumilika.

Funika mapipa kwa neti ya mbu, na usiweke sahani ya maji chini ya chungu. Mbu wa homa ya dengi hutaga kwenye vyombo kama hivyo, na Dar es Salaam iliuguza watu wengi mwaka 2014 na tena 2019. Jirani akikuuliza kama mitungi yako inazalisha mbu, mwonyeshe kwanza mapipa yako yaliyofunikwa. Mtungi mzima una maji ya kumeng'enya. Ule uliozeeka na kunyauka, ukiwa na maji, umwage.

5. Safisha makumbi, uchanganye. Pwani tuna makumbi bure, lakini kuna mtego. Makumbi yaliyofukiwa ufukweni ili yaoze na kutolewa usumba wa kamba yamelowa maji ya bahari miezi na miezi. Usiyaguse. Hata ya shambani yana chumvi ya asili. Chukua makumbi makavu ya nazi zilizofuliwa nyumbani, yakate vipande vya ukubwa wa kidole gumba, yaloweke kwenye maji ya mvua, umwage kesho yake, uloweke tena. Maji ya kwanza yatatoka meusi kama chai ya rangi iliyokaa. Endelea mpaka yatoke ya rangi hafifu. Kwangu huchukua mara tano au sita, karibu wiki.

Mkaa nao uoshe mpaka usitoe jivu, maana jivu ni kali kwa mizizi hii.

Kisha changanya: makumbi sehemu mbili, mkaa sehemu moja, pamisi au magome ya msindano sehemu mbili. Ukiwa na sfagnamu, badilisha nusu ya makumbi. Bana kwa kiganja: maji yachuruzike kidogo, na ukifungua mkono mchanganyiko uachane wenyewe. Ukibaki donge, ongeza pamisi.

Usitumie kokoto za matumbawe kupamba juu, wala chungu cha saruji. Vyote viwili huachia chokaa kila unapomwagilia.

6. Panda. Mizizi ya nepenthesi ni myeusi, myembamba, hukatika kwa kuguswa. Wengi huiona wakadhani imeoza. Rangi yake ndiyo hiyo. Iliyooza huwa laini na hunuka.

Usiitikise. Shika mmea kwa shina, uusimamishe katikati ya chungu, umimine mchanganyiko pembeni taratibu huku ukigonga chungu chini. Usikandamize kwa vidole. Mwagilia mpaka maji yatoke safi kwa chini.

7. Uzoeshe. Mmea uliosafiri ulitoka mahali pa unyevu mwingi. Mitungi iliyokuja nayo itakauka. Hilo usihangaike nalo. Funika mmea kwa ile chupa iliyokatwa kitako, kizibo kikiwa kimefungwa, mahali penye mwanga bila jua la moja kwa moja. Jua likiingia ndani ya chupa ile litaupika mmea mchana mmoja.

Wiki ya pili fungua kizibo. Wiki ya tatu, inua chupa juu ya vijiti viwili hewa ipite chini. Wiki ya nne iondoe jioni, uirudishe asubuhi. Jani jipya likifunguka bila kukunjamana, mmea umekubali nyumba. Miche ya maabara inahitaji mara mbili ya muda huo, na ndiyo inayokufa zaidi kwa sababu watu huwa na haraka.

8. Utafutie mwanga wake. Jua la asubuhi mpaka saa tatu au saa nne, kisha kivuli chepesi. Chini ya mwembe mkubwa ni giza mno. Chini ya mnazi, ambako jua hupita likichezacheza kwenye makuti, ni pazuri sana. Baraza linalotazama mashariki ni pazuri kuliko yote niliyojaribu. Kwa nyanda za juu, ambako jua lina ukali wa aina yake ingawa hewa ni baridi, usiondoe neti hata kama unaona baridi mchana.

Majani yatakuambia. Ya kijani kibichi, marefu, laini, bila mitungi: mwanga hautoshi. Mekundu kidogo pembeni na magumu: barabara. Yenye mabaka meupe au kahawia katikati: yameungua, msogeze.

9. Mwagilia kutoka juu. Mchanganyiko uwe na unyevu siku zote bila kuogelea. Pwani miezi ya kaskazi, mara moja kila siku, asubuhi. Wakati wa masika, ukiwa nje, huenda usimwagilie kabisa wiki nzima. Milimani, kila siku mbili au tatu. Inua chungu kwa mkono: kikiwa chepesi, kina kiu. Baada ya wiki mbili mkono wako utajua kuliko kipimo chochote.

Upepo wa kaskazi hukausha mitungi kabla haijavimba. Pangilia vyungu karibu karibu, weka mimea ya majani mapana kati yake, mwaga maji sakafuni saa sita mchana. Unyevu hewani wa asilimia 60 na zaidi ndio unaotafuta. Kunyunyizia majani husaidia kwa dakika chache tu, kwa hiyo usikutegemee.

10. Chakula. Ukiwa nje, usifanye lolote. Sisimizi wataingia wenyewe. Kaa siku moja utazame: mdudu anazunguka ukingo wa mdomo akilamba, anapita mara tatu salama, mara ya nne ukingo umelowa umande, miguu ya mbele inakosa pa kushika.

Ndani ya nyumba, tia mdudu mmoja mkavu, nzi au panzi mdogo, kila wiki mbili, kwenye mtungi mmoja tu. Nyama, dagaa, maziwa, wali, hapana. Vitaoza, mtungi utanuka na kuanguka. Mbolea ya udongoni huunguza mizizi.

Maji ya ndani ya mtungi usiyamwage. Yakimwagika njiani, tia maji ya mvua robo ya mtungi.

11. Zidisha. Mmea ukishapanda mita moja, kata shina kwa wembe safi, kila pingili iwe na vifundo viwili au vitatu. Punguza kila jani nusu. Zungushia sfagnamu au makumbi laini kwenye kifundo cha chini, weka chini ya chupa, kivulini. Mizizi hutoka baada ya mwezi mmoja hadi mitatu. Usiivute kuangalia. Shina lililobaki litachipua chini.

Kama siku moja utataka mbegu, ujue mimea hii ina dume na jike mbalimbali, na hutajua mpaka ichanue.

Mtungi wa mlimani, nawe uko pwani

Najua utajaribu tu, kwa hiyo bora ujaribu vizuri. Mmea wa mlimani kwenye usiku wa joto haufi upesi. Hutoa majani madogo, kila jani dogo kuliko lililotangulia, mitungi inakoma, na mwezi wa nne au wa sita unaondoka. Mtu anadhani ni ugonjwa.

Njia ya kwanza ni kuchagua chotara mwenye damu ya bondeni au ya katikati. Ventrata nimeitaja. Ventricosa safi nayo huvumilia pwani ikiwa na kivuli na upepo mzuri, na truncata za kutoka maeneo ya chini huko Mindanao hufaa. Muulize muuzaji asili yake ni mita ngapi.

Njia ya pili ni boksi la kuhifadhia samaki, lile jeupe jepesi. Toboa matundu machache, weka mmea ndani jioni pamoja na chupa mbili za maji yaliyoganda, funika, utoe alfajiri. Hushusha joto nyuzi kadhaa kwa sehemu ya usiku. Nilifanya hivyo miezi minane kwa sanguinea mmoja na alitoa mitungi sita. Nilipokwenda msibani siku kumi, hakuna aliyekumbuka barafu, na haikurudi hali yake.

Chumba chenye kiyoyozi usiku kucha hufanya kazi kuliko boksi, mradi uweke taa na unyevu, kwa sababu kiyoyozi hukausha hewa. Ila piga hesabu ya LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, kwanza, na ufikirie umeme ukikatika. Kwa maoni yangu, ukiwa na ndugu wa milimani, mpelekee mmea. Utakwenda kuutazama, na utapata sababu ya kumsalimia.

Upande wa pili, mtu wa Limuru au Njombe anayetaka ampullaria aifunge ndani ya kisanduku cha kioo kilichokuwa cha samaki, kiwe karibu na jiko au kiwe na taa inayopasha. Na popote panapoanguka umande ulioganda Juni na Julai, hata mitungi ya milimani iingizwe ndani usiku huo.

Mambo yakiharibika

*Mitungi haitoki, ncha ya kikono inakauka nyeusi.* Hewa kavu au mwanga mdogo. Ukiwa na majani ya kijani kibichi mno, anza na mwanga. Ukiwa na majani mazuri magumu, tatizo ni upepo. Badilisha kimoja tu, usubiri majani mawili mapya, ndipo uamue.

*Jani la chini kabisa linageuka njano.* Uzee. Likate likikauka.

*Majani ya juu yananjanoka.* Inua mmea utazame mizizi. Mchanganyiko ukinuka tope, umeoza; panda upya kwenye mpya. Makumbi huoza ndani ya mwaka mmoja na nusu hadi miwili pwani, upesi kuliko milimani.

*Kingo zinakauka kahawia.* Chumvi. Pitisha lita kadhaa za maji ya mvua kwenye chungu, mara tatu ndani ya wiki, na uache kisima.

*Unga mweupe kama pamba kwenye makwapa ya majani.* Vidugamba. Sisimizi wanaopanda na kushuka bila kuingia mitungini mara nyingi ndio wanaowachunga. Futa kwa pamba iliyolowa spiriti kidogo, mmoja mmoja, jioni, kisha suuza. Rudia kila wiki mara nne. Sumu ya kupulizia iache mpaka ushindwe kabisa.

*Majani yana vumbi la kijivu na utando mwembamba chini.* Utitiri, rafiki wa hewa kavu. Osha upande wa chini kwa maji kila siku kwa wiki mbili.

*Mbuzi amekula.* Imenitokea. Kama shina limebaki sentimita tano na mizizi haikung'oka, usilitupe. Weka kivulini, mwagilia kama kawaida. Langu lilichipua siku ya 41.

*Mtungi mpya ni mdogo kuliko ule ulionunuliwa nao.* Baada ya safari, mtungi wa kwanza au wa pili huwa kama kidole cha mtoto, na kifuniko hufunguka nusu tu. Usiukate kwa kuwa hauna sura. Linganisha jani jipya na lililotangulia: likiwa kubwa zaidi, mmea unapanda. Tatizo ni pale majani matatu mfululizo yanapopungua. Hapo rudi hatua ya 1, chukua kipimajoto, usome usiku.